Chagua Kimoja, Mum

Tangu pikipiki ile iteremshwe kutoka kwenye pikapu na kuwekwa uani kwake mtaani Kimbo, Rachael Njambi hakuwahi kuitaja kwa jina lake. Aliiita "hicho kitu". Toa hicho kitu hapo nianike nguo. Kuku wamenyea hicho kitu chako, njoo upanguse. Kuku walikuwa na banda lao, banda zuri la mbao, lakini wiki hiyo mlango wake ulikuwa ukisahauliwa wazi kila asubuhi, na Rachael hakuonekana kujuta.

Kitu chenyewe kilikuwa kimetoka Japani, cheusi, injini yake ya cc elfu moja, kimeinama mbele kama mbuzi anayetaka kumpiga mtu pembe. Mwenyewe alikuwa Muigai, mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na moja ambaye tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta: kutwa nzima chumbani akiwahudumia wateja wa ng'ambo ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Rachael aliiheshimu kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyojenga nyumba ya mawe. Ila mtu aliyekaa kitini Jumatatu hadi Ijumaa, alisema, akitaka kukaa tena Jumamosi na atafute kiti chenye miguu minne.

Majirani walimpoza kwa methali. Mama Muigai, mtoto akililia wembe, mpe. Naye akawajibu kwamba aliyetunga hiyo hakusema ni nani atakayefua damu.

Yeye alikuwa ameifua. Mumewe Ndegwa alikuwa akisambaza maziwa mjini Ruiru kwa pikipiki ndogo, na asubuhi moja, Muigai akiwa darasa la tano, lori la mawe lilimkuta njiani. Koti lake lilirudi nyumbani bila mwenyewe. Rachael alilifua, akalianika, akalipiga pasi, na mpaka leo hajui alikuwa akimpigia nani pasi. Tangu siku hiyo alikidharau kila kitu chenye magurudumu mawili, na kila aliyekipanda alimdharau maradufu, kwa sababu kudharau kulimjia kwa urahisi kuliko kuogopa. Lakini alikuwa akiogopa. Aliogopa hata sauti ya pikipiki ya mtu wa mkate.

Muigai alilijua hilo, na ndiyo maana hakuwa ameipitisha pikipiki getini. Kwao chombo kipya hakitoki nyumbani mzazi akiwa amekinunia. Hutoka na neno jema, la sivyo likitokea la kutokea, kijiji kizima kitasema kilijua. Kwa hiyo, pamoja na ujuaji wake wote, kila jioni aliiwasha palepale uani, akaisikiliza ikinguruma, akaizima, akarudi ndani. Na wenzake wa pikipiki walikuwa wamepanga safari ya Nanyuki Jumamosi.

Alhamisi alimfuata mama yake jikoni, akasimama karibu na jiko kama alivyokuwa akisimama zamani akitaka kuomba ruhusa ya kwenda kuogelea mtoni.

"Mum, kesho naenda Thika kwa fundi anaitwa Jared. Nataka kuongezea bike vitu kadhaa. Twende na wewe."

"Niende kufanya nini? Kuhesabu wajinga?"

"Uchague kitu kimoja. Kimoja tu, chochote unataka. Ikiwa na kitu umechagua na mkono wako, nitajua umenibariki."

Rachael aligeuza chapati ambayo haikuwa imeiva. Alitaka kusema hapana. Lakini mtoto alikuwa ameomba vizuri, na mtoto anayeomba vizuri ana njia ya kumkaba mzazi koo.

"Nitakuja," akasema, "nione vile wazee wazima hucheza kalongo kama watoto."

Ijumaa asubuhi pikipiki ikapakiwa kwenye pikapu ya kukodi, maana bado ilikuwa haijabarikiwa. Rachael alikaa mbele, kibeti mapajani, akawa anaitazama kwenye kioo njia nzima. Walipofika Juja alimwambia dereva kwamba amezaliwa, akazaa, akazika, lakini hajawahi kuona farasi akibebwa mgongoni. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Muigai alitazama nje.

Duka la Jared lilikuwa karibu na mtaa wa Landless, mbele vitu vya kuuza, nyuma karakana. Jared mwenyewe alikuwa kijana mrefu wa kutoka upande wa Kisumu, sauti ya chini, ambaye alimletea Rachael kiti kabla hajamwuliza mwanawe anataka nini. Rachael alikipangusa kiti kwa leso ingawa kilikuwa safi.

Ndani walikuwamo wanaume wengine watatu, wateja, wamevaa makoti ya ngozi katika jua lile la Thika, jasho likiwatiririka shingoni. Watu wenye mvi. Mmoja alikuwa akilibembeleza tangi la pikipiki yake kwa kitambaa laini. Rachael alijiuliza kama mkewe amewahi kupanguswa hivyo.

Kwanza ikaletwa ekzosi, bomba la moshi. Muigai aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa, akaeleza kwamba ile iliyokuja na pikipiki ina sauti ya chini mno. Yule wa kitambaa akawasha yake ili mama asikie tofauti. Mabati yalitetemeka, mbwa wa jirani akaingia uvunguni mwa gari.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Rachael alisema kelele ilipokwisha. "Sasa nyinyi hata debe mnanunua."

"Mum, ni safety. Watu wa magari wanakusikia mapema."

"Baba yako alisikika. Chupa za maziwa zilikuwa zinalia toka huku hadi kule."

 Ekzosi ikawekwa kando, imeshachaguliwa.

Vikaja vioo vidogo vya pembeni, vidogo kama vya kunyolea ndevu, vya kuwekwa mahali pa vile vikubwa. Rachael akauliza kama ni ili mtu asione kinachokuja kumuua, afe bila wasiwasi. Kikaja kifuniko cha kuziba kiti cha nyuma, ili ibaki na kiti kimoja tu, ionekane ya mashindano.

"Na bibi utambeba wapi?"

"Sina bibi, Mum."

"Na hutampata. Nani ataolewa na mtu ameziba kiti?"

Wale wazee wa ngozi walicheka, na mmoja akacheka sana, huenda naye alikuwa ameziba. Muigai akacheka pia, macho chini. Halafu vikaja vyuma vya kufungwa ubavuni, na Jared akaeleza kwamba pikipiki ikianguka, vyuma hivyo hugusa chini kwanza, rangi isikwaruzwe.

Rachael alisimama. "Kumbe mnajua itaanguka! Mnajua, na mnachokinga ni rangi!"

Yule wa kitambaa akaacha kupangusa. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi, lakini neno hilo halikuwa la mzaha, na kila mtu pale alikuwa na mama.

"Chagua basi, Mum," Muigai alisema taratibu. "Kimoja tu."

Rachael alimgeukia Jared. "Wewe kijana. Kati ya takataka hii yote, ni gani inazuia mtu kufa?"

Jared hakukasirika. Alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja karibu na sahani ya chuma iliyokuwa hapo, nyembamba, inayong'aa, imetobolewa vishimo vidogo vidogo.

"Ni hapa, Mama. Hizi disc na pedi zake. Hizi pedi zikiuma hii disc, mtoto anarudi nyumbani. Engine ni ya kumpeleka tu. Uhai wake uko hapa." Akagusa paipu nyembamba. "Angekuwa brother yangu, hizo zingine zote zingengoja. Ningemwekea pedi kali na paipu za chuma, basi."

Rachael aliinama akaitazama ile sahani. Alitazama kwa muda, akitafuta uhai wa mwanawe katika vile vishimo.

"Kichungi cha chai," alisema mwishowe. "Uhai wa mtoto wangu umewekwa kwa kichungi cha chai. Mimi sichagui kitu hapa. Nitachagua nikifika kwangu."

Vitu vikafungwa kwenye pikipiki, ekzosi na vioo na kifuniko na vyuma, na pedi na paipu za breki juu yake, kwa sababu Muigai alikuwa wa kutaka vyote. Jared aliijaribu mwenyewe huko nyuma, akaenda, akashika breki, akasimama palepale kama aliyegonga ukuta, akafanya hivyo mara kadhaa huku Rachael akitazama. Kisha akaja akipangusa mikono.

"Mama, kuna kitu kidogo tu cha kuangalia mkiwa huko nyumbani, juu ya hizi disc. Wakati mtu anaosha, hizi hazitaki..."

"Umeuza," Rachael alimkata, kibeti tayari kwapani. "Mtu akishauza anyamaze. Kuhubiriwa nahubiriwa Jumapili, tena bure." Akaenda zake kwenye pikapu. Jared alibaki na mdomo nusu wazi, akainua mabega, akarudi kwa wateja wake.

Sasa mtu asidhani Rachael alikuwa amesema uongo kwamba angechagua nyumbani. Alikuwa mama wa maombi katika kanisa la mabati lililo nyuma ya stendi ya Kimbo, na chumbani mwake, kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, alikuwa na mafuta ya mzeituni yaliyoombewa. Hayo hayakuwa mapambo. Aliipaka kalamu ya Muigai asubuhi ya mtihani wa darasa la nane, na mtoto akapita mpaka mwalimu akashangaa. Alilipaka geti, na usiku wezi walisafisha boma la kulia na boma la kushoto wakaruka lake. Aliipaka hata ile kompyuta, Muigai akiwa amelala, na kazi haijakoma kuingia tangu siku hiyo. Watu wakatae wakitaka. Yeye alikuwa na ushahidi, na Jared alikuwa na kichungi.

Jumamosi kulipokucha, Muigai akiwa bafuni akiimba, Rachael alitoka uani na chupa mfukoni mwa aproni. Aliizunguka pikipiki. Kwanza alitia tone moja kwenye tangi, akaona ni mzaha. Akatia jingine kwenye kiti. Ndipo akakumbuka. Kijana yule, pamoja na takataka zake, alikuwa amesema neno moja la maana, na alilisema akiwa amechuchumaa kama mtu anayeomba: uhai wake uko hapa.

Akapiga magoti kwenye simiti. Kwa uhai wa mtoto, tone moja ni dharau. Alimimina kwenye kiganja, akaipaka ile sahani ya mbele upande wa nje, akaingiza vidole akaipaka upande wa ndani, akazungusha gurudumu, akapaka tena, mafuta yakaingia katika kila kishimo mpaka chuma kikang'aa kama paji la uso la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaenda kwenye sahani ya pili ya mbele. Akaenda hata kwenye ya nyuma, asije shetani akapitia huko. "Bwana, mshike," alikuwa akisema. "Uliniachia mmoja. Huyu mshike." Alimwomba Mungu kwa sauti ya mtu anayedai haki yake dukani.

Aliposimama magoti yalikuwa yamechapwa alama za simiti, na kifua kilikuwa chepesi. Hakuwa ameuhisi wepesi huo tangu enzi za Ndegwa. Aliwakusanya kuku akawafungia bandani, akasukuma komeo.

Muigai alitoka amevaa koti la ngozi jipya ambalo zipu yake ilikuwa inapigana na tumbo. Alimtazama mama yake kama anayesubiri matokeo.

"Nenda," Rachael alisema. "Nimechagua."

"Umechagua nini?"

"Hiyo ni yangu na Mungu. Iko ndani yake tayari."

Kijana alitabasamu mpaka akawa wa darasa la tano tena. Aliinama, na Rachael akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, juu ya ile ngozi yenye kujigamba, kama nyanya yake Rachael alivyokuwa akiwafanyia wanaosafiri. Geti likafunguliwa. Nje alikuwa Muoki, rafiki yake, juu ya pikipiki yake mwenyewe, na Magdalene, jirani aliyeomba naye kanisani, alikuwa amesimama kwake ng'ambo ya njia na kikombe cha chai.

Njia ya kutoka kwao ina mteremko hadi lami. Kimbo hakuna njia isiyo na mjengo, na chini kule, kabla ya lami, kulikuwa na rundo la mchanga wa ploti ya mtu. Ekzosi ikapiga kelele yake. Muigai akatoka getini, akapunga mkono, akateremka. Rachael alikuwa akitabasamu. Alitabasamu mpaka alipoona lori linapita kule chini kwenye lami, na mwanawe haendi polepole.

Alimwona akikaza mikono yote miwili. Aliona mgongo ukijikunja. Pikipiki iliendelea tu. Sekunde ya mwisho Muigai akaipinda kuelekea mchangani, ikaruka, ikamtupa ukutani kwa ploti ya mtu, ikalala ubavu juu ya vile vyuma vya kukinga rangi, ikiendelea kunguruma.

Rachael hakukumbuka baadaye jinsi alivyoshuka ule mteremko. Alimkuta yuko macho, uso mweupe kwa mchanga, na mguu wa kulia umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Kila siku ya wiki ile alikuwa amemwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa alikuwa amelishika guu lenyewe, na methali ikamkauka mdomoni.

"Mbona hukushika brake?" Muoki alikuwa akipiga kelele, ameshaizima pikipiki.

"Nimeshika! Woi, nimeshika zote! Haina kitu!"

Muoki alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye sahani ya mbele. Kidole kilitoka kinang'aa. Akapitisha kwenye ile ya pili, akasimama polepole.

"Ni oil, pedi zinateleza tu. Jared amefunga hii kitu na mikono ya oil. Huyo jamaa alikuwa anakuua."

Watu wa bodaboda walikuwa wameshafika kutoka stendi, hawakosi. Mmoja akasema fundi kama huyo hufuatwa hukohuko kwake. Mwingine akauliza wana pikipiki ngapi, waende sasa hivi, Thika si mbali. Magdalene naye alikuwa amefika, mikono juu, chai imemwagika kwenye kanga.

"Asifiwe Bwana! Na lile lori! Mama Muigai, ni maombi yako. Fundi amemtega lakini maombi yako yakamrusha kwa mchanga!"

"Ameni," mtu akaitikia.

Rachael alisikia yote. Alielewa kwamba mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, na kila mtu anamshikia aingie: kosa ni la Jared, sifa ni zake. Hakuna aliyekuwa akimtazama mikono. Alimtazama Magdalene, uso ule uliojaa uhakika, na akauona ulivyokuwa mpumbavu, kisha akatambua kwamba ni uso wake mwenyewe wa asubuhi ile. Hajawahi kumdharau mtu kama alivyojidharau hapo.

Muoki alikuwa ameshapiga simu, ameiweka spika, anamporomoshea Jared matusi. Sauti ya Jared ilitoka ikigugumia. "Oil itoke wapi, bro? Nilitest mbele ya mama yake. Muulize mama yake."

"Nipe hiyo simu," Rachael alisema.

Muoki hakutaka, lakini alimpa. Simu iliteleza kidogo katika kiganja chake.

"Jared. Ni mimi, Mama Muigai." Kelele zikapungua. "Wewe ulifunga vizuri. Ni mimi nilipaka mafuta. Asubuhi hii. Nilipaka hizo disc zote, ndani na nje."

Watu wa bodaboda walitazamana. Magdalene akashusha mikono. Muigai alifungua macho akamtazama mama yake, na machozi ambayo mguu ulikuwa haujayatoa yakamtoka.

"Mafuta gani, Mama?" Jared aliuliza.

"Ya maombi."

Rachael alingoja acheke. Alimngoja kabisa, kwa hamu, maana Jared angecheka, yeye angejua la kumjibu. Kwenye simu ilisikika injini ya mtu ikiwashwa na kuzimwa.

"Jana," Rachael akasema, "ulikuwa unataka kuniambia kitu. Nikakukata. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Jared alimwambia mtu azime injini.

"Sikumbuki, Mama," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Ilikuwa kitu kidogo tu. Muigai ako aje?"